Ngozi laini, nywele za kipilipili: mwongozo kamili wa kuchagua vitu vya kunyolea kwa wadada wenye ngozi inayowasha haraka

Kama we ni mtu wa kunyoa kwapa leo, kesho asubuhi kunawaka moto, keshokutwa vipele, na wiki ijayo pameacha weusi ambao hauondoki, basi hii nimekuandikia wewe. Na nianze na lile linaloniuma zaidi, kwamba wadada wengi wakiona vile vipele wanaambiwa ni uchafu. Mama anasema hujasugua vizuri, shoga anasema tia Dettol, mwingine anasema pitisha ndimu, afu ngozi ambayo ilikuwa imechubuka kidogo tu inaishia kuungua kabisa. Jamani sio uchafu. Na kwa ngozi laini, mara nyingi tatizo halitibiki kwa kuongeza kitu, linatibika kwa kupunguza, yaani nyembe chache kwenye kichwa cha mashine, manukato machache, vitu vichache vya kupaka, na kunyoa mara chache. Shika hilo maana kila hatua huku chini inarudi hapo hapo.

Jua kwanza ngozi yako inalalamikia nini

Kuna mambo matatu yanayofanana kwa macho lakini dawa zake ni tofauti, na usipoyatenganisha utanunua vitu mpaka mshahara uishe.

La kwanza ni mchubuko wa wembe. Unawaka papo hapo, ngozi inakuwa nyekundu au inaiva, na ndani ya siku moja mbili unatulia wenyewe. Hapo wembe ni butu, au umenyoa pakavu, au umekandamiza sana.

La pili ni nywele zinazoota kwa ndani, na hili ndo letu hasa wenye nywele za kipilipili. Unywele wetu unatoka kwenye ngozi ukiwa tayari umejipinda. Ukiukata unabaki na ncha kali, na unapokua unajikunja unarudi kuchoma ngozi, au kama ulikatwa chini kabisa unachoma kwa ndani hata kabla haujatoka. Mwili unauona ni kitu kigeni unaanza kupambana nao, kipele kinavimba, saa nyingine kinatoa usaha kidogo hata kama hakuna bakteria yoyote. Hivi vinakuja siku kadhaa baada ya kunyoa, na ukiangalia vizuri kwenye mwanga unaona unywele umelala ndani.

La tatu ni aleji. Hii inawasha kuliko kuuma, inaanza baada ya siku moja mpaka tatu hivi, inatambaa mpaka sehemu ambazo hujanyoa lakini kile kitu kilipagusa, na inarudi kila ukitumia bidhaa ile ile. Hapo hata ubadilishe wembe mara ngapi haisaidii, mkosaji ni kilichomo kwenye povu, au losheni, au hata ule utepe unaoteleza juu ya wembe.

Wengi tuna mbili kwa pamoja, sawa tu. Anza na ile inayokusumbua zaidi.

Hatua ya kwanza: jiulize kama lazima ufike mpaka kwenye ngozi

Hili swali watu wanaliruka. Kama ngozi yako ni laini kweli kweli na vipele haviishi, kitu kipole kuliko vyote sio wembe wowote, ni trima ya umeme, ile mashine ndogo yenye kitana cha kuzuia, inapunguza nywele zinabaki milimita moja mpaka tatu juu ya ngozi. Ncha haizami ndani kwa hiyo haipati nafasi ya kuchoma. Hautapata ule ulaini wa kupitisha mkono unateleza, lakini utapata usafi, jasho halitashika sana, na hautakuwa na vipele. Nunua yenye kichwa kinachotoka na kuoshwa, na iwe yako peke yako.

Kwa Waislamu, mafundisho yaliyopokewa kutoka kwa Anas bin Malik, sahaba wa Mtume, kuhusu nywele za kwapa na za siri ni kwamba zisiachwe kupita siku 40. Yaani kuna nafasi kubwa hapo. Kama ulikuwa unanyoa kila wiki na ngozi inalia, ipe wiki tatu ipone halafu uone tofauti.

Na mjamzito, tafadhali soma hapa. Wengi bado wanaambiwa wakienda kujifungua waende wamenyoa kila kitu. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2018 halipendekezi kunyoa nywele za siri kama utaratibu wa kawaida kabla ya kujifungua kwa njia ya kawaida, na hata kwa upasuaji linataka nywele ziachwe, au zikibidi kuondolewa zipunguzwe kwa mashine, sio wembe, maana vijeraha vya wembe vinafungulia vijidudu mlango. Tumbo likiwa kubwa hata kuona unaponyoa huoni. Punguza tu kwa mkasi au trima, mwenzio akusaidie.

Hatua ya pili: kuchagua wembe

Kama umeamua wembe, usidanganywe na idadi. Mashine zenye nyembe tano zimetengenezwa hivi, wembe wa mbele unauvuta unywele, wa nyuma yake unaukata, kwa hiyo unywele unakatwa chini ya usawa wa ngozi. Mwenye nywele za kunyooka anafurahi. Mwenye kipilipili ndo ameshapanda mbegu za vipele. Na kila wembe ni mkwaruzo mmoja, ukipitisha mara moja yenye nyembe tano ngozi imekwaruzwa mara tano.

Kwa hiyo tafuta yenye wembe mmoja au miwili. Zile za kutupa za nyembe mbili zipo kila duka la mtaani na zinafaa, mradi usizitumie mpaka zichoke. Chaguo zuri zaidi kwa muda mrefu, kwa maoni yangu, ni ile mashine ya chuma ya zamani walizokuwa nazo babu zetu, unaweka wembe wa kawaida katikati unafunga. Kichwa chake unanunua mara moja, wembe mpya ni hela ndogo sana, kwa hiyo huoni uchungu kuutupa mapema. Inahitaji mkono mwepesi, anza nayo miguuni usianzie sehemu za siri.

Wembe mtupu ulioshikwa kwa vidole hapana. Najua wengi ndo tulivyofundishwa, lakini pembe yake huwezi kuidhibiti, na ukiteleza umejikata.

Rangi ya pinki pia isikuongoze. Angalia idadi ya nyembe, angalia kichwa kinacheza au kimekaza, angalia kama ule utepe wa kuteleza una manukato, maana wengine aleji yao yote imekaa kwenye huo utepe na hawajui. Kama ya kiume ya nyembe mbili haina harufu na bei yake ni chini kuliko ya kike, chukua ya kiume.

Wembe badilisha baada ya kunyoa mara tano mpaka saba, au mapema zaidi ukiona unavuta badala ya kukata. Usiuache bafuni kwenye unyevu, usuuze, ukung'ute, uweke pakavu. Na usiazimane, hata na dada yako wa tumbo moja, hata na mume. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na tone la damu la kuvibeba hata hulioni kwa macho.

Hatua ya tatu: povu, jeli au krimu

Hapa ndo lebo inabidi isomwe, na usisome mbele ya kopo, geuza nyuma kwenye orodha ya viambato. Maneno ya mbele kama hypoallergenic, yaani eti haileti aleji sana, hayana kipimo kamili cha kisheria, hata Marekani mamlaka yao ya chakula na dawa inakubali kwamba hakuna kiwango kinachoyabana. Kampuni inaandika inavyotaka.

Kitu cha kwanza kutafuta nyuma ni neno parfum au fragrance. Ukiliona, rudisha. Manukato ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya aleji ya vipodozi, na neno moja hilo linaweza kuficha kemikali kibao. Kuna mtego mwingine, bidhaa imeandikwa unscented (haina harufu) unadhani umepona, kumbe inaweza kuwa imewekewa manukato ya kufunika harufu ya viambato vyenyewe. Unayotaka wewe ni iliyoandikwa fragrance free (haina manukato), na nyuma ikathibitisha.

Cha pili ni alcohol denat, yaani spiriti, ikiwa mwanzoni mwanzoni mwa orodha, maana viambato vinapangwa kuanzia kilicho kingi. Hiyo inakausha. Ukiona cetyl alcohol au cetearyl alcohol usiogope, hizo ni aina ya mafuta na zinalainisha. Cha tatu ni mentholi na mnanaa, kile kibaridi unachosikia ni ngozi inasisimuliwa, kwenye mchubuko kinauma. Cha nne ni methylisothiazolinone, kihifadhi ambacho kilisumbua watu sana mpaka Umoja wa Ulaya ukakipiga marufuku tangu 2017 kwenye vipodozi vya kupaka na kuacha mwilini.

Unachotaka kukiona ni glisirini (glycerin), shubiri (aloe vera), shayiri ile ya oti (oat), panthenol (jamii ya vitamini B5), na vitu vya mafuta mafuta. Orodha fupi ni bora kuliko ndefu.

Sasa kama huko uliko hizo jeli nzuri hazifiki au bei inatisha, kondishena ya nywele isiyo na harufu kali inafanya kazi nzuri tu, inateleza na inalainisha nywele. Mafuta ya nazi matone machache chini ya povu pia ni mazuri kwa miguu, ila yanaziba mashine ukiyazidisha, na kama mgongo au kidevu chako kina chunusi usiyapake huko. Sabuni ya mche weka kando kabisa. Sabuni za vipande na miche nyingi ziko juu ya 9 kwenye kipimo cha pH, kile cha kuonyesha kitu ni asidi (chini ya 7) au ni cha jamii ya magadi (juu ya 7), wakati ngozi yenyewe inapenda karibu na 5, kwa hiyo unaikausha kwanza afu unaikwangua.

Na maji jamani. Sehemu nyingi za Dar na Unguja tunaoga maji ya kisima yenye chumvi, sabuni haitoi povu, inaganda kwenye ngozi inaacha utando, na wembe ukipita juu ya utando ule unakwama. Kama nyumbani ni kisima, tenga ndoo ndogo ya maji yasiyo na chumvi, ya bomba au ya mvua, kwa ajili ya kunyoa na kusuuza mwisho. Hii haigharimu kitu na wengi inawabadilishia mambo kuliko jeli yoyote.

Hatua ya nne: kuhusu krimu za kuondoa nywele bila wembe na waksi

Zile krimu unapaka dakika chache afu unafuta nywele zinatoka, watu wanadhani ni pole kwa sababu hazina wembe. Zinayeyusha protini ya unywele, na ngozi nayo juu yake ni protini ya jamii hiyo hiyo. pH yake inaweza kufika 12. Lakini pia zina faida, ncha ya unywele inabaki laini butu sio kali, kwa hiyo kwa mwenye vipele vya nywele za ndani tu, bila aleji wala mchubuko, zinaweza kuwa mkombozi. Masharti ni haya: nunua iliyoandikwa ya sehemu unayoitaka maana ya miguu sio ya bikini, jaribu sehemu ndogo usubiri saa 24, weka saa ya simu na usivuke dakika zilizoandikwa hata kama nywele hazijatoka zote, usipake penye kidonda, na isifike ndani kwenye nyama laini kabisa. Zile poda za kunyolea ndevu za wanaume zimepikwa kwa ndevu ngumu, usizipeleke chini.

Waksi ya sukari na ndimu, ile ya kina bibi harusi wa Pwani, haina kemikali kali na inang'oa kutoka kwenye shina kwa hiyo unakaa wiki kadhaa. Ila kung'oa nako kunaweza kuleta nywele za ndani unywele mpya unaporudi, na ikiwa ya moto sana inaunguza. Kama unatumia dawa za chunusi za jamii ya retinoidi usoni, waksi usoni usithubutu, inaondoka na ngozi.

Hatua ya tano: jaribu kabla ya kuamini

Kitu chochote cha kupaka na kuacha, losheni, jeli ya baada ya kunyoa, deodoranti mpya, paka eneo la ukubwa wa sarafu kwenye kunjo la ndani la kiwiko, mara mbili kwa siku, siku 7 mpaka 10. Ndio ni ndefu, lakini aleji haiji siku ya kwanza. Cha kusuuza kama povu, kiache pale kwa muda ule ule utakaokaa nacho ukinyoa, afu suuza. Na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati. Ukinunua wembe mpya, povu jipya na losheni mpya siku moja, ukiwashwa utamlaumu nani?

Hatua ya sita: siku ya kunyoa

Nyoa jioni, ili ngozi ipumzike usiku bila jua, jasho wala nguo za kubana. Kama nywele ni ndefu zipunguze kwanza kwa trima. Oga maji ya vuguvugu dakika tano hivi, unywele ukilowa unavimba unakuwa mlaini kukatika. Paka jeli, iache dakika mbili au tatu.

Pitisha wembe kufuata nywele zinakolala, sio kinyume. Miguuni ni rahisi, kwa wengi ni kuelekea chini. Kwapani nywele zinalala pande mbili tatu tofauti kwa hiyo angalia kwenye kioo kwanza, unanyoa juu kwenda chini halafu pembeni. Usivute ngozi ikakaza sana, maana ukiiachia unywele uliokatwa unazama ndani, ndo mwanzo wa kipele. Michirizo mifupi, mkono mwepesi, suuza wembe kila baada ya mchirizo mmoja au miwili. Na pakibaki vinywele viwili vitatu viache, kule kurudia rudia sehemu moja mpaka ing'ae ndo kunaharibu. Ukimaliza suuza maji ya baridi, kausha kwa kugusisha taulo, usisugue.

Hatua ya saba: baada ya kunyoa

Hapa ndo watu wanaharibu kazi nzuri yote. Dettol haipiti, spiriti haipiti, afta shevu ya mume haipiti, ndimu haipiti kabisa kabisa, maana maji ya ndimu yakikutana na jua kwenye ngozi yanaunguza na kuacha madoa meusi. Shabu ya kwa muuza viungo inakata damu ukijikata kidogo, gusisha hapo hapo tu, ukiizungusha kwapa zima lililochubuka itauma na kukausha. Singo na msio, vile vya Pwani vya kusugua na kupaka mwilini, najua vinanukia na najua harusi ni kesho, lakini vina karafuu, na karafuu ina eujenoli ambayo imo kwenye orodha ya manukato ya aleji Ulaya. Sugua singo siku mbili kabla ya kunyoa, sio baada. Dodoki nalo hivyo hivyo.

Cha kupaka ni kimoja tu, glisirini iliyochanganywa na maji, au losheni isiyo na harufu, au Vaseline nyembamba. Deodoranti ngoja mpaka kesho yake, usiku huo haikuhusu. Vaa pamba, dera, kanga, chochote kisichobana mapajani. Ukiwa na vipele vya nywele za ndani, baada ya siku mbili tatu anza kupaka asidi ya salisiliki ya asilimia 0.5 mpaka 2 mara chache kwa wiki kwenye miguu na mstari wa nje wa bikini, inafungua njia unywele utoke. Usichimbe kwa sindano, kwa ngozi zetu kidonda kidogo kinaweza kugeuka kovu la kuvimba la keloidi.

Vile vyeusi vilivyobaki

Weusi wa baada ya kipele unapungua wenyewe kipele kikiacha kurudi, lakini ni miezi, sio wiki. Kwenye miguu jikinge na jua. Krimu za kung'arisha kwapa zinazouzwa bila lebo ya kueleweka, zinaweza kuwa na zebaki, hidrokwinoni au steroidi kali, na steroidi kwenye kwapa au mapaja inaifanya ngozi nyembamba mpaka inapasuka mistari. Tanzania angalia alama ya shirika la viwango, TBS, Kenya ya KEBS. Hata zile krimu za duka la dawa za mchanganyiko wa steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki kwa pamoja, usijipake mwenyewe kila ukiwashwa.

Ila weusi ukiwa mnene, laini kama mahameli, na shingoni upo pia, huo sio wa wembe. Nenda kapime sukari.

Lini uende hospitali

Ukiona usaha unaoongezeka, joto, uvimbe unaotambaa au homa, nenda siku hiyo hiyo, hasa kama una kisukari. Majipu yanayorudi rudi kwapani na kwenye mapaja na kuacha makovu yenye mashimo, acha kunyoa kabisa uone daktari wa ngozi, kuna ugonjwa wenye tiba yake na kila mwezi unaochelewa unaongeza makovu. Ndevu za kidevuni zikianza ghafla pamoja na hedhi kuvurugika, hiyo ni homoni, kapime. Kaskazini mwa Tanzania kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda pale hospitali ya KCMC Moshi, na hospitali kubwa za rufaa nyingi zina kliniki ya ngozi. Siku ya kwenda usipake kitu, na beba makopo yote unayotumia, hata lile tupu, hata mashine yenyewe, ili daktari asome viambato mwenyewe badala ya wewe kumweleza rangi ya kopo.